RANGI YA UNGA KWA VIPURI VYA PIKIPIKI: FAIDA YAKE, HATARI ZAKE NA HESABU ZAKE

Pikipiki imekuwa chombo cha kazi kwa wanachama wengi wa vyama vyetu. Yuko anayebebea abiria, yuko anayepeleka maziwa kituoni kila alfajiri, na yuko anayezungukia mashamba ya wenzake. Chombo hiki aghalabu hulala nje, hupita katika matope na maji, na kwa wenzetu wa pwani hupigwa na upepo wenye chumvi. Matokeo yake ni kutu. Keria huliwa na kutu kwenye maungio, stendi hubabuka, na vikanyagio hubaki chuma kitupu. Mwenye pikipiki hupaka rangi ya kopo, na baada ya miezi michache hulazimika kupaka tena.

Kwa sababu hiyo wanachama huuliza mara kwa mara: je, rangi ya unga, ile inayopakwa viwandani kwenye fremu za madirisha ya alumini na viti vya chuma, yaweza kupakwa nyumbani kwa fedha kidogo? Na je, yafaa chama kununua vifaa vyake?

Jibu ni kwamba yawezekana, kwa vipuri vidogo vya chuma cha kawaida, mradi mambo mawili yasipuuzwe: usafi wa chuma na joto la chuma. Mwenye kuyashika mawili haya aweza kufanya kazi nzuri kwa vifaa duni. Mwenye kuyapuuza atapoteza fedha zake hata akiwa na vifaa vya thamani kubwa, na kwa vipuri fulani aweza kuhatarisha maisha ya dereva na abiria wake.

1. RANGI YA UNGA NI NINI

Rangi ya kawaida ya kopo ina kiyeyusho, kama vile tina, ambacho huruka hewani rangi inapokauka. Rangi ya unga haina kiyeyusho. Ni gundi ngumu iliyosagwa pamoja na kitu cha kuipa rangi na dawa ya kuigandisha, hata ikawa laini kama poda.

Njia ya mwanzo ya kuipaka ilibuniwa na Mjerumani Erwin Gemmer mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kitu kilichopashwa moto kilitumbukizwa ndani ya unga uliokuwa ukipulizwa hewa kutoka chini. Katika miaka ya 1960 ikaenea njia ya kutumia umeme, nayo ndiyo itumikayo zaidi leo. Kila punje ya unga hupewa chaji ya umeme inapotoka katika bunduki ya kupulizia, na kipuri huunganishwa na ardhi kwa waya. Unga huvutwa na chuma na kukishika, kama kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kinavyovuta vipande vya karatasi.

Kipuri kilichoshikwa na unga hutiwa katika oveni. Unga huyeyuka, hutandaa, kisha huganda kwa mabadiliko ya kikemia. Kama yai lililochemshwa lisivyoweza kurudi kuwa bichi, ndivyo rangi hii isivyoweza kuyeyuka tena. Hapo ndipo unapotoka ugumu wake. Unene wa kawaida ni mikroni 60 hadi 80, na ifahamike kuwa mikroni 1,000 ni sawa na milimita 1.

Kuna aina mbili ambazo mnunuzi hana budi kuzitofautisha. Rangi ya epoksi hushika chuma kwa nguvu sana, lakini jua huichakaza hata ikawa kama chaki. Rangi ya poliesta huvumilia jua. Kwa pikipiki, ambayo hushinda juani, yafaa poliesta.

2. VIFAA VYA MWENYE FEDHA KIDOGO

Vifaa vya lazima ni hivi:

(a) Bunduki ndogo ya kupulizia rangi ya unga. Bunduki za kiwandani ni za bei kubwa, lakini zipo ndogo zilizotengenezwa kwa karakana za nyumbani, nazo zatosha kwa vipuri vidogo.

(b) Kompresa ndogo yenye chujio la maji. Hewa yenye unyevu au mafuta huharibu kazi.

(c) Oveni ya umeme iliyokwisha kutumika, ambayo bado hufikia nyuzi 200 za Sentigredi. Oveni ya gesi haifai, kwa kuwa unga ukiwa hewani waweza kushika moto.

(d) Kipimajoto kinachoweza kugusa kipuri chenyewe.

(e) Waya wa kupeleka umeme ardhini, uliofungwa na fundi umeme.

(f) Barakoa ya kuchuja vumbi, miwani na glovu.

Oveni iliyopakiwa rangi isirudi jikoni kamwe. Mvuke wa rangi hubaki ndani yake, na chakula kitakachookwa humo hakitakuwa salama. Chama kikinunua oveni kuukuu, kiiandike ubavuni kwa herufi kubwa: SI YA CHAKULA.

3. HATUA ZA KAZI

Kwanza, kagua. Kabla ya kutoa rangi ya zamani, angalia kila ungio lililochomelewa. Baada ya kuitoa, angalia tena. Chuma chenye ufa kipelekwe kwa mchomeleaji kwanza. Rangi ya unga ni nene na nzuri machoni, nayo hufunika ufa usionekane mpaka siku chuma kitakapokatika. Wazee wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Pili, vua kila kisicho chuma: mpira, plastiki, bushi, beringi na sili. Vyote hivyo haviwezi kustahimili nyuzi 200.

Tatu, toa mafuta kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kupiga msasa. Ukitanguliza msasa, utakuwa unayasugulia mafuta ndani ya mikwaruzo.

Nne, toa rangi ya zamani na kutu hadi chuma kiwe cheupe. Mwenye fedha kidogo hutumia brashi ya waya na msasa. Soda kali huondoa rangi kwenye chuma, lakini isiguse alumini, kwa sababu huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Kupiga kwa mchanga wa mtoni au wa ufukweni kusifanywe kabisa. Vumbi lake lina silika, nayo huleta ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Mwaka 1974 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini ilipendekeza mchanga wa silika upigwe marufuku katika kazi ya namna hii.

Tano, pima usafi. Mimina maji safi juu ya kipuri. Yakitandaa kama utando mmoja, chuma ni safi. Yakijikusanya kuwa matone, bado kuna mafuta. Kipimo hiki hakina gharama, na kikifuatwa huokoa kazi nyingi. Baada ya hapo kausha kipuri, wala usikiguse tena kwa mkono mtupu, maana jasho la vidole ni mafuta na chumvi.

Sita, paka siku ile ile. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja katika hewa yenye unyevu huanza kutu upya, hata kama jicho haliioni.

Saba, linda sehemu zisizotakiwa kupata rangi: hesi za nati, nyuso za kukalia beringi, na mahali waya wa umeme wa pikipiki unapogusa chuma. Bolti kuukuu zikikazwa ndani ya matundu hulinda hesi bila gharama. Karatasi ya kawaida ya kunata isitumike, kwa kuwa huungua ndani ya oveni. Ipo maalumu inayostahimili joto.

Nane, ning'iniza kipuri kwa ndoano ya chuma kitupu, uunge waya wa ardhini, kisha pulizia kwa mgandamizo mdogo wa hewa. Anza na pembe za ndani, ambako unga huingia kwa shida, umalizie nyuso za wazi. Ndoano ikwanguliwe kila mara, kwani ikifunikwa na rangi ya kazi iliyopita, umeme hautapita na unga hautashika.

Tisa, choma. Rangi nyingi za poliesta huhitaji nyuzi 200 kwa dakika 10, au nyuzi 180 kwa dakika zipatazo 20, lakini hapana budi kusoma maelezo ya mtengenezaji. Jambo ambalo wengi hukosea ni kwamba dakika hizo ni za chuma chenyewe, si za hewa iliyomo ndani ya oveni. Bomba jembamba hupata joto upesi. Kipande kinene chaweza kuhitaji nusu saa au zaidi kabla ya kuanza kuhesabu. Anayehesabu tangu alipofunga mlango hutoa rangi mbichi iliyo nzuri kwa macho tu.

4. VIPURI VISIVYOFAA KUPAKWA NYUMBANI

Sehemu hii makatibu waisome mbele ya wanachama.

Shokapu isiingizwe katika oveni ikiwa nzima. Ndani yake mna mafuta, na nyingine zina gesi iliyogandamizwa. Joto laweza kuipasua kwa kishindo.

Tanki la mafuta lisiingizwe. Mvuke wa petroli hubaki katika mikunjo ya bati hata baada ya kuoshwa. Isitoshe, tanki lililozibwa kwa lehemu ya bati na risasi litafumuka, kwa kuwa lehemu hiyo huanza kuyeyuka penye nyuzi 183 hivi.

Ringi za alumini, uma wa nyuma wa alumini na vishikio vya usukani visipakwe na mtu asiye na ujuzi. Alumini nyingi za namna hii zimepewa nguvu kwa kupashwa moto kiwandani kwa kipimo maalumu. Zikichomwa kupita kiasi, au zikichomwa mara kwa mara, hupungua nguvu bila kuonyesha dalili yoyote ya nje. Ringi ikivunjika safarini, anayeanguka ni dereva na abiria wake.

Sahani ya breki na nyuso inapofungiwa zisiguswe na rangi.

Sehemu iliyojazwa puti haifai, kwa kuwa puti ya kawaida haihimili joto wala haipitishi umeme.

Chesisi nzima haiingii katika oveni ya nyumbani. Ikipelekwa kiwandani, namba yake ilindwe isifunikwe na rangi. Chombo ambacho namba yake ya chesisi haisomeki humletea mwenyewe mashaka mbele ya polisi na siku ya kukiuza. Kadhalika, kama rangi ya chombo imeandikwa katika kadi ya usajili, isibadilishwe bila mamlaka kuarifiwa. Na mwanachama anayeendesha pikipiki ya mkataba apate kwanza idhini ya mwenye mali.

Vinavyobaki ni keria, stendi, vikanyagio vya chuma, bampa ya kukinga injini, vishikio vya taa na vya kioo, na kifuniko cha mnyororo. Hivyo ndivyo vinavyopatwa na kutu mapema, na hivyo ndivyo vya kuanzia.

5. USALAMA WA MAHALI PA KAZI

Unga wa rangi ukielea hewani kwa wingi huweza kulipuka kama unga wa kinu. Pasiwe na sigara, jiko la mkaa wala cheche mahali pa kupulizia, na oveni iwe mbali na hapo. Hewa ipite, lakini upepo usipeperushe unga kuelekea nyumbani. Watoto wasikaribie. Sakafu ifagiliwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Baadhi ya rangi za poliesta zina dawa ya kugandisha iitwayo TGIC, ambayo ni sumu ikivutwa au ikigusa ngozi mara kwa mara. Mnunuzi aulize rangi isiyo na dawa hiyo. Hata akiipata, barakoa haiepukiki.

Oveni ya wati 2,000 au zaidi isiunganishwe kwenye waya mwembamba wa kurefushia umeme. Fundi umeme aangalie waya na fyuzi kwanza.

6. HESABU KWA MAKATIBU

Wanachama wengi hudhani kuwa gharama kubwa ni ya rangi yenyewe. Tuhesabu pamoja.

Tuchukue keria iliyotengenezwa kwa mabomba yenye urefu wa jumla wa mita 5, kila bomba likiwa na kipenyo cha milimita 20. Eneo lake la nje ni mita za mraba 0.31 hivi. Rangi yenye unene wa mikroni 70, na uzito wa gramu 1.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, huhitaji gramu 105 kwa mita moja ya mraba. Keria hii basi itabakiwa na gramu 33. Kwa kuwa nyumbani karibu nusu ya unga hupotea hewani, tuandike gramu 66. Kilo moja itatosha keria 15.

Umeme nao wahesabika. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima haitumii zaidi ya uniti 2. Oveni ikipakiwa kipuri kimoja, kipuri hicho kinabeba uniti zote. Ikipakiwa vitatu, kila kimoja kinabeba theluthi.

Gharama inayosahauliwa ni uchakavu wa vifaa. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme vifaa vyote vimegharimu shilingi 1,200,000, na chama kimeamua kuvifutia thamani kwa miaka 3. Kila mwaka uchakavu ni shilingi 400,000. Oveni ikiwashwa mara 4 kwa wiki, kwa wiki 50, itawashwa mara 200 kwa mwaka, na kila mara itabeba shilingi 2,000. Ikiwashwa mara 1 tu kwa wiki, itawashwa mara 50, na kila mara itabeba shilingi 8,000. Rangi ni ile ile na fundi ni yule yule, lakini kifaa kinacholala kimeifanya kazi kuwa ghali mara nne katika fungu hilo.

Kutokana na hesabu hii twapata shauri la wazi. Mwanachama mmoja mwenye pikipiki moja asinunue vifaa hivi, maana atavitumia mara mbili kisha vitakaa stoo. Wanachama ishirini au thelathini wenye pikipiki wana sababu ya kuvinunua kwa pamoja. Chama chenye wenye pikipiki wachache na kipeleke vipuri vyao kwa mkupuo mmoja kwenye karakana ya mjini, na kiombe bei ya jumla.

Chama kitakachoamua kununua kihakikishe mambo manne. Matumizi yawemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Vifaa viandikwe katika daftari la mali siku vinapopokelewa. Pawe na mtu mmoja aliyefundishwa, mwenye dhamana ya funguo. Na pawe na daftari la kazi lenye safu hizi: tarehe, jina la mwanachama, kipuri, uzito wa unga kabla na baada, joto la chuma, dakika, uniti za umeme, malipo na namba ya stakabadhi. Daftari hili humsaidia fundi kujua kosa lilitoka wapi, na humsaidia mkaguzi kuona kama malipo yanarudisha gharama.

7. KUPIMA KAZI ILIYOKWISHA

Kipuri kikipoa, futa mahali pasipoonekana kwa kitambaa chenye asetoni, mara 25 kwenda na kurudi. Rangi ikilainika au ikihamia kwa wingi kwenye kitambaa, haikuiva. Kisha, kwenye kipande cha chuma cha majaribio kilichopakwa pamoja na kazi, chora kwa wembe mistari inayokatizana, bandika karatasi ya kunata, na uivute kwa nguvu. Vipande vikitoka, chuma hakikuwa safi au rangi haikuiva.

Dalili nyingine ni hizi. Vitundu na malengelenge hutokana na mafuta, unyevu, au hewa iliyofichika katika chuma cha kusubu. Kipuri cha namna hiyo hupashwa moto kikiwa kitupu kwanza, kisha hufutwa na kupakwa. Uso kama ganda la chungwa mara nyingi hutokana na unga kuwa mwingi mno. Mabonge hutokana na unga uliowekwa penye joto au unyevu, kwa hiyo kopo lifungwe vizuri na kuwekwa mahali pakavu na penye ubaridi.

Kipuri kilichoshindwa mojawapo ya vipimo hivi kisikabidhiwe kwa mwanachama. Kikwanguliwe, na kazi irudiwe kwa gharama ya mfuko wa kazi, si kwa gharama ya mwenye kipuri. Fundi anayejua kwamba kazi mbovu itarudi mezani pake hapuuzi kupima usafi.

Makatibu wanaombwa kuyaweka mambo haya katika ajenda ya mkutano wa wanachama wenye pikipiki, na kuanza kwa kuorodhesha: ni pikipiki ngapi, ni vipuri vipi vimeliwa na kutu, na ni vingapi kati yake vimo katika orodha ya vinavyofaa. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua kama chama kinunue vifaa au kipeleke kazi mjini. Aidha, vipuri vivuliwe wakati pikipiki imekwenda kwenye matengenezo yake ya kawaida, ili mwanachama asipoteze siku nyingine ya riziki kwa ajili ya rangi.